Vigae vya Jikoni: Osha Kwanza, Rangi Baadaye



Kisomo chenye manufaa kilipoanza kujaribiwa huku kwetu Kanda ya Ziwa mwaka 1968, maarifa ya nyumbani yalikuwa miongoni mwa masomo yake, pamoja na pamba, uvuvi, migomba na ufugaji. Leo turudi kwenye maarifa hayo ya nyumbani. Tutasoma habari za ukuta wa jikoni. Tutajifunza jinsi ya kurudisha mng'ao wa vigae vya zamani kwa gharama ndogo. Vigae hivi mafundi wengi huviita marumaru, na wengine husema tailizi. Jina lolote unalotumia, kitu ni kile kile.

Pengine utasema, "Mimi jikoni kwangu hakuna vigae, kuna udongo na moshi." Usifunge gazeti. Leo huna, kesho utapanga nyumba yenye navyo, au mwanao atajenga. Tena somo hili lina jambo kubwa kuliko vigae. Linafundisha kujua kitu kimeharibika au kimechafuka tu, kabla hujatoa fedha mfukoni.

YALIYOTOKEA BUTIMBA

Hapa Butimba kuna kikundi cha mama lishe ambao tulisoma nao kisomo. Walipika miaka mingi chini ya mti. Halafu wakapanga jiko la nyumba ya zamani, lenye sinki na ukuta uliojengewa vigae vyeupe. Walifurahi sana. Lakini vigae vile vilikuwa vimefifia. Ukipitisha kidole, kinatoka na mafuta. Ukitazama, huoni mng'ao, unaona rangi kama ya maziwa yaliyoganda.

Siku moja bwana afya alipita. Hakufoka. Aliwaambia kwa upole kwamba ukuta wa mahali panapopikwa chakula cha watu lazima uwe laini na unaosafishika. Akawapa siku 14. Baada ya hapo, ukuta ukiwa vile vile, watafunga jiko.

Sasa je? Wakamwita fundi. Fundi alitazama, akatikisa kichwa, akasema ukuta wote upakwe rangi ya mafuta. Gharama aliyotaja, pamoja na ufundi wake, ilikuwa zaidi ya nusu ya akiba yote ya kikundi. Akiba ile ndiyo inayonunua mchele, samaki na mkaa kila wiki. Ndiyo inayokopesha mwanachama mtoto akiugua. Kuitoa ni sawa na kukata tawi ulilokalia. Kutoitoa, jiko linafungwa.

Mama mwenyekiti akatutumia ujumbe: "Mwalimu, njooni mtuone, mambo yametufika shingoni."

Tulipofika, tulikuta bibi mmoja, mzee kuliko wote kikundini, ameshaanza kazi. Alikuwa amechota mchanga ziwani, akauchanganya na majivu, akasugua ukuta wa nyuma ya sinki siku mbili mfululizo. Mikono ilikuwa imemchubuka. Mafuta yalikuwa yametoka kweli kweli. Lakini mng'ao haukurudi. Ukuta ulikuwa mkavu kama chaki.

Tukamwuliza kwa nini alitumia mchanga. Akatukazia macho, akasema, "Mwalimu, si ninyi mliotufundisha? Sufuria isugue kwa mchanga na majivu mpaka ujione uso."

Tulinyamaza. Ni kweli tulifundisha hivyo, katika somo la usafi wa vyombo. Tulisema cha kusugua, hatukusema kisichosuguliwa. Bibi alitii somo letu, na somo letu likaharibu ukuta. Ndiyo sababu tunaandika makala hii. Tunataka kumaliza somo ambalo tuliliacha nusu.

SUFURIA NA KIGAE SI NDUGU

Sufuria ni alumini tupu, nje mpaka ndani. Ukiisugua, unaondoa alumini kidogo ya juu, na chini yake kuna alumini nyingine inayong'aa vile vile. Kwa hiyo mchanga haumalizi mng'ao wa sufuria, unamaliza sufuria yenyewe polepole.

Kigae ni kitu kingine. Mwili wake ni udongo uliochomwa, ndugu yake mtungi. Udongo huo haung'ai. Kinachong'aa ni ngozi nyembamba ya juu. Kiwandani hupaka kigae uji wa unga maalumu, halafu hukichoma katika tanuri kali. Unga ule huyeyuka na kugeuka kioo. Ngozi hiyo ya kioo haifiki hata unene wa milimeta moja. Ikikwaruzwa, mwanga unaoipiga hutawanyika huku na huku, badala ya kurudi pamoja. Ndipo macho yetu husema, "Kigae kimefifia."

Na mchanga wetu je? Mwanza ni mji wa miamba. Kila mtu anaujua Mwamba wa Bismarck pale ziwani. Miamba yetu mingi ni ya itale, na ndani ya itale mna punje ngumu ambazo wataalamu huziita kwatzi. Mwamba ukivunjika miaka na miaka, punje hizo hubaki katika mchanga. Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa ngazi ya 1 hadi 10. Kwatzi iko ngazi ya 7. Kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Kigumu hukwaruza laini. Kwa hiyo ukisugua kigae kwa mchanga, unakikuna kioo kwa kitu kigumu kuliko chenyewe. Stili waya nayo tusiisifu: huacha mistari ukutani na vipande vyake hushika kutu kwenye viungo.

Je, ngozi ya kioo ikitunzwa hudumu? Hudumu sana. Twende kidogo pwani, tuone mfano. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, kuna makaburi ya kale yenye nguzo. Wazee wa pwani walipachika kwenye makaburi hayo sahani na bakuli zilizoletwa kutoka China kwa njia ya bahari. Nyingi zimeng'olewa au kuvunjika. Lakini vyombo vya namna hiyo vilivyodumu katika magofu ya pwani vimepitia mamia ya miaka, na ngozi yao ya kioo bado hung'aa. Ukuta wa jiko letu la Butimba hauna umri huo hata kidogo. Basi tusikimbilie kusema umekufa.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Tuliwaambia mama lishe: "Leo hatununui kitu. Leo tunapima kigae kimoja." Wewe nawe fanya hivyo hivyo.

Kipimo cha kwanza: mafuta. Chagua kigae kimoja karibu na jiko, mahali palipochafuka zaidi. Kioshe kwa maji ya magadi, kama tutakavyoeleza chini. Suuza, kausha kwa kitambaa. Mng'ao ukirudi, ugonjwa ulikuwa mafuta na moshi.

Kipimo cha pili: ukungu mweupe. Kama mafuta yametoka lakini kuna ukungu mweupe, huenda ni mabaki ya sabuni au ya saruji. Pangusa kwa maji ya ndimu au siki, subiri dakika mbili, suuza, kausha. Ukungu ukitoka, ugonjwa ni huo.

Kipimo cha tatu: mikwaruzo. Kama bado kimefifia, subiri jioni. Washa tochi, uiweke ubavuni mwa kigae, mwanga upite ukutani kwa mshazari. Ukiona mistari mingi midogo kama nywele, ngozi ya kioo imekwaruzwa. Sabuni haitaponya hapo.

Kipimo cha nne: sauti. Gonga kila kigae kwa kifundo cha kidole. Kinacholia "ko!" kama debe tupu kimeachana na ukuta. Kiwekee alama ya penseli. Hicho kitengenezwe kwanza, maana mng'ao wa kigae kinachotaka kuanguka hauna faida.

Ukuta wa mama lishe ulikuwa na vigae 480. Tuliwagawa watu wawili wawili, kila jozi na safu zake, na mweka hazina akaandika kwenye daftari. Matokeo yalikuwa haya: vigae 84 vya nyuma ya sinki vilikwaruzwa kwa mchanga. Vigae 396 vilivyobaki vilikuwa vizima. Vilikuwa vimefunikwa tu na mafuta ya samaki na moshi. Kati ya hivyo vizima, 6 vililia "ko!"

Mama mwenyekiti alishika kiuno akacheka. "Kumbe tulitaka kupaka rangi juu ya uchafu!"

KAZI YA KWANZA: KUOSHA

Vifaa: ndoo ya plastiki, magadi ya sokoni yaliyopondwa, sabuni ya unga kidogo, sponji laini, mswaki wa zamani, na vitambaa vya pamba. Fulana kuukuu inafaa sana. Vaa glovu za mpira. Kama huna, funga mikono kwa mifuko ya plastiki isiyotoboka, kwa sababu magadi hula ngozi.

1. Changanya vijiko viwili vya chakula vya magadi katika lita moja ya maji ya moto kiasi. Subiri yayeyuke. Chuja kwa kitambaa ili mchanga uliomo ubaki. Usitumie sufuria ya alumini, maana magadi huila alumini.

2. Ongeza sabuni kidogo. Lowesha ukuta kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji machafu hutiririka kwenye vigae vikavu na kuacha michirizi.

3. Acha dakika kumi. Usiache yakaukie ukutani. Yakianza kukauka, lowesha tena.

4. Sugua taratibu kwa sponji. Magadi yanafanya kazi, siyo nguvu ya bega. Magadi hubadilisha mafuta mabichi yawe kama sabuni, ndipo maji huyabeba. Mafuta yaliyoganda miaka mingi yanahitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Usikasirike ukachukua kisu.

5. Viungo kati ya kigae na kigae visugue kwa mswaki.

6. Suuza kwa maji safi mara mbili. Halafu kausha kwa fulana, ukizungusha mkono. Hatua hii wengi huiacha. Ukuta ukijikaukia wenyewe hubaki na madoa, nawe utadhani hujafanya kitu.

Kama kuna ukungu mweupe, changanya siki kipimo kimoja na maji vipimo vitatu. Lowesha viungo kwa maji matupu kwanza, kwa sababu asidi hula saruji ya viungo. Paka, subiri dakika mbili, suuza mara moja.

HATARI! Usichanganye kamwe jiki na siki, ndimu, wala dawa kali ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huumiza mapafu na inaweza kuua mtu katika chumba kidogo. Tumia kimoja siku moja, suuza vizuri, na fungua madirisha.

KAZI YA PILI: VIUNGO

Vigae vikiwa safi na viungo vikiwa vyeusi, ukuta wote huonekana mchafu. Ni kama mtu aliyevaa shati jeupe lenye kola chafu.

Nunua saruji nyeupe kidogo, siyo mfuko mzima. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huuza kwa kilo. Kwangua viungo vilivyooza kwa msumari, polepole, usiguse uso wa kigae. Koroga saruji na maji iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Isukume kwenye viungo kwa kidole chenye glovu au kwa kipande cha ndala ya zamani. Baada ya kama robo saa, pangusa uso wa vigae kwa sponji yenye unyevu. Usingoje mpaka kesho, maana saruji ikishikana na kigae utarudi kwenye vita. Siku inayofuata nyunyizia maji kidogo viungo vishike vizuri.

Vile vigae 6 vilivyolia "ko!" mama lishe walivitoa kwa uangalifu, wakakwangua saruji ya nyuma, wakavirudishia kwa saruji mpya. Kimoja kilipasuka. Walichukua kingine nyuma ya kabati, mahali pasipoonekana.

KAZI YA TATU: RANGI, PALE TU INAPOLAZIMU

Sasa tulibaki na vigae 84 vya bibi. Hivyo ndivyo vilivyostahili rangi.

Kwa nini tusipake vyote tu, vifanane? Sikilizeni vizuri. Rangi haishiki kwenye kioo. Ili ishike, ni lazima kwanza uikwaruze ile ngozi ya kioo kwa msasa. Yaani unaua mng'ao wa kiwandani ili upate mng'ao wa kopo. Mng'ao wa kiwandani umechomwa katika tanuri. Mng'ao wa kopo hugeuka manjano kwa moshi, hubanduka kwa maji ya moto, na baada ya miaka michache unataka rangi tena. Na ukishapiga msasa, huwezi kurudi nyuma. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini kigae kilichokwisha kukwaruzwa hakina cha kupoteza. Hicho kipake. Kama mikwaruzo ni michache, jaribu kwanza nta ya kung'arishia gari: paka kidogo sana, subiri ikauke, sugua kwa kitambaa laini. Hujaza mikwaruzo midogo. Usipake nta nyuma ya moto, wala kwenye sakafu, maana mtu atateleza.

Hatua za kupaka rangi ni hizi:

1. Osha kwa magadi, suuza, kausha.

2. Piga msasa namba 220 ukiwa umeuloweka maji. Usipige mkavu! Ngozi ya vigae vya zamani na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Tunasema ile metali nzito inayowekwa kwenye nyavu na ndoano ili zizame. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Jambo hili si geni. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Kwa hiyo watoto wakae mbali, na matope ya msasa yakusanywe kwa kitambaa na kutupwa mbali na bustani na kuku.

3. Suuza, acha ukuta ukauke siku nzima.

4. Paka rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima. Muulize muuzaji ile inayoshika kwenye vigae au vioo. Mkono mmoja, mwembamba.

5. Ikikauka, paka rangi ya mafuta yenye mng'ao, mikono miwili. Kila mkono uwe mwembamba. Mkono mnene hutiririka kama machozi. Ngoja mkono wa kwanza ukauke kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo.

6. Usipake nyuma ya jiko la moto. Rangi itaungua.

Ukiwa na muda, jaribu kwanza kigae kimoja pembeni. Subiri siku saba. Kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika utepe unaonata, uvute kwa ghafla. Rangi ikitoka na utepe, matayarisho hayakutosha.

KUSOMA KOPO

Hapa ndipo kisomo kinapolipa. Makopo mengi yameandikwa Kiingereza. Usiogope. Tarakimu ni zile zile. Mweka hazina wetu hajui Kiingereza, lakini dukani alitafuta mambo manne. La kwanza, herufi L, yaani lita ngapi zimo. La pili, m² kwa lita, yaani lita moja inapaka meta za mraba ngapi. La tatu, saa za kukauka, ambazo mara nyingi huandikwa kwa herufi h. La nne, picha ya moto, yaani kitu hiki huwaka. Halafu alimwuliza muuzaji swali moja: "Rangi hii ina risasi?" Muuzaji wa kwanza alicheka. Mweka hazina alirudisha kopo mezani, akaenda duka la pili. Huko alionyeshwa kopo lenye maandishi kwamba halina risasi. Akalinunua hilo.

HESABU

Kila kigae kilikuwa na upande wa sentimeta 15. Eneo lake ni 15 × 15 = sentimeta za mraba 225, yaani meta za mraba 0.0225.

Kwa mpango wa fundi, ukuta wote:
480 × 0.0225 = meta za mraba 10.8.
Mikono miwili: 10.8 × 2 = meta za mraba 21.6.
Kopo lilisema lita moja inapaka meta za mraba 10.
21.6 ÷ 10 = lita 2.16. Kwa makopo ya lita moja, ni makopo 3.

Kwa mpango wetu, vigae vya bibi tu:
84 × 0.0225 = meta za mraba 1.89.
Mikono miwili: 1.89 × 2 = meta za mraba 3.78.
Kopo 1 la lita moja linatosha na kubaki.

Praima nayo ilipungua kwa njia hiyo hiyo. Na ufundi ulikuwa wa bure, kwa sababu walipaka wenyewe. Bei hatuandiki hapa, maana hubadilika. Uliza maduka matatu, andika kwenye daftari, ndipo ununue.

KOSA LETU LA PILI

Tungependa kusema kazi iliisha vizuri. Haikuwa hivyo moja kwa moja. Mkono wa mwisho ulipakwa Jumamosi. Jumapili ukuta ulikuwa mkavu kwa kidole. Tukawaambia, "Jumatatu pikeni." Wakapika. Wali ukanuka tapentaini. Mteja mmoja, mvuvi, alionja tonge moja akasukuma sahani. "Mayu, leo umetupikia injini?" Chakula cha siku ile kilimwagwa, na hasara ile ni yetu sisi tulioshauri.

Tulisahau kwamba kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Rangi ya mafuta hukauka kwa siku moja, lakini hukomaa polepole, na harufu yake hupenda kukaa kwenye chakula. Tena mvuke wa thina na tapentaini huwaka. Kuwasha mkaa karibu na kopo lililo wazi ni kuita moto. Waliporudi tena chini ya mti siku tano, madirisha yakiwa wazi mchana kutwa, harufu iliisha. Kwa hiyo mpango wa siku 14 uwe hivi: siku 4 za kupima, kuosha na viungo, siku 3 za msasa, praima na rangi, siku 7 za kuacha ukuta upumue.

BWANA AFYA ALIPORUDI

Siku ya 14 bwana afya alirudi. Alitoa leso nyeupe mfukoni, akapangusa ukuta juu ya jiko, akaitazama leso. Ilikuwa nyeupe. Akapangusa nyuma ya sinki, akauliza, "Hapa mmeweka vigae vipya?" Bibi akajibu, "Hapana baba, hapo ni makosa yangu na ya Mwalimu." Wote wakacheka, sisi tukiinamisha vichwa.

Jiko halikufungwa. Lakini bwana afya aliacha neno la mwisho: mafuta yatarudi kama moshi hauna pa kutokea. Wakafungua upya tundu la juu ya jiko, lililokuwa limezibwa kwa gunia. Na kila jioni, kabla ya kufunga, mmoja wao kwa zamu hupangusa ukuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, halafu hukausha. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Mafuta ya leo hutoka kwa maji. Mafuta ya mwaka hutaka magadi.

Bibi sasa ndiye anayefundisha wageni wa kikundi. Husimama mbele ya sinki, akashika mchanga mkono huu na sponji mkono huu, akauliza, "Hiki ni cha nani, na hiki ni cha nani?" Sisi walimu tumelichukua swali lake, na tangu hapo kila tukifundisha jambo la kufanya, tunataja na mahali ambapo lisifanywe.

MANENO MAPYA

Itale: aina ya jiwe gumu, kama miamba mingi ya Mwanza.
Kwatzi: punje ngumu zilizomo katika itale na mchanga.
Praima: rangi ya kwanza, inayoshikisha rangi nyingine ukutani.
Risasi: metali nzito yenye sumu.
Mkono wa rangi: kupaka mara moja uso wote.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mchanga unafaa sufuria na haufai kigae?
2. Taja vipimo vinne vya kupima kigae kabla ya kununua rangi.
3. Kwa nini msasa hupigwa ukiwa na maji?
4. Ukuta wako una safu 8, kila safu vigae 20 vya sentimeta 15. Lita moja inapaka meta za mraba 10. Mikono miwili itataka lita ngapi? Je, kopo moja la lita moja linatosha?
5. Je, kuna kitu nyumbani kwako ulichotaka kukitupa au kukipaka rangi, ambacho huenda kimechafuka tu? Kipime, kisha uwaeleze wenzako ulichokiona.